Bukavu: Intaneti ikikataa nyumbani, laptopu ya mkimbizi isikimbizwe kwa fundi kufutwa

Katika nyumba moja ya komine ya Kadutu, mjini Bukavu, jimbo la Kivu ya Kusini, laptopu moja ilikaribia kuvunja undugu wa familia mbili. Mwenye nyumba ni mwalimu wa shule ya msingi. Alimpokea mama mmoja na watoto wake wanne waliokimbia vita huko Masisi, wakapita Minova na kufika Bukavu na mizigo miwili na laptopu iliyofungwa ndani ya kitenge. Binti mkubwa wa mama huyo amemaliza masomo ya uuguzi, na laptopu ni yake.

Wiki ya kwanza ilipita vizuri. Wiki ya pili, mega ambazo mwalimu alizinunua kwa mwezi mzima ziliisha kwa siku tatu. Hakuna aliyesema kitu wakati wa kula, lakini usiku mwalimu alibadilisha neno la siri la modemu yake ya wifi. Kisha moto wa umeme ukakatika siku mbili, na betri ya laptopu ikaisha kabisa. Moto uliporudi, binti alifungua laptopu na intaneti ikakataa. Mama yake alielewa jambo hilo kwa namna moja tu: kwamba wenyeji wamewachoka. Akaanza kukunja nguo.

Binti alikuwa na faili ya kuomba kazi katika kituo cha afya, na ilipaswa kutumwa kwa baruapepe kabla ya Ijumaa saa kumi alasiri. Mwalimu alipoona mama anakunja nguo aliona haya, akatoa neno la siri jipya. Laptopu ikaingia kwenye wifi, lakini hakuna ukurasa hata mmoja uliofunguka. Wakati huohuo simu ya mwalimu, palepale chumbani, ilikuwa ikipokea ujumbe wa WhatsApp bila taabu. Basi watu wote wa nyumba wakakubaliana kwamba laptopu imekufa. Siku ya Alhamisi asubuhi binti aliipeleka kwa fundi. Fundi aliiangalia dakika chache tu, akasema: "Dada, hii ina virusi. Tuifomati. Dola 10, urudi kesho."

Kosa si la fundi huyo peke yake. Mjini Bukavu, kama Goma na Uvira, kufomati kumegeuka kuwa dawa ya kila ugonjwa wa kompyuta. Ni kazi rahisi kwa fundi: anaingiza flashi, anafuta kila kitu, anaweka Windows upya, na mteja anaondoka na mashine inayokimbia kama mpya. Ikiwa tatizo lilikuwa dogo, nalo linaondoka pamoja na kila kitu kingine, na fundi anasifiwa. Hakuna anayejua ugonjwa ulikuwa upi. Ni sawa na kubomoa nyumba kwa sababu mlango umekwama, halafu kumpongeza fundi kwa kuwa mlango haukwami tena.

Kwa mtu ambaye vitu vyake vyote viko kabatini, kufomati ni usumbufu wa siku mbili. Kwa familia iliyokimbia ni jambo jingine kabisa. Ndani ya laptopu ile kulikuwa na picha ya diploma, ambayo karatasi yake ilibaki Masisi. Kulikuwa na vyeti vya kuzaliwa vya wadogo zake, karatasi ya shamba la baba, na picha za baba mwenyewe, ambaye hayupo tena. Hakukuwa na nakala nyingine mahali popote. Kwa hiyo dola 10 zilizotajwa hazikuwa bei ya kurudisha intaneti. Zilikuwa bei ya kufuta yote ambayo familia ile iliokoa, na binti mwenyewe alikuwa tayari kuzilipa, kwa sababu alikuwa akifikiria Ijumaa tu.

Aliirudisha nyumbani kwa sababu moja ya kawaida sana: hakuwa na dola 10.

Mtu anayetaka kujua kwa nini laptopu inakataa intaneti aanze kwa kuelewa kwamba katika nyumba yenye wifi kuna njia mbili, na watu wengi wanadhani ni moja. Njia ya kwanza ni fupi, inatoka kwenye laptopu hadi kwenye modemu iliyo mezani. Njia ya pili ni ndefu, inatoka kwenye modemu hadi kwenye mnara wa kampuni ya simu, na kutoka hapo hadi duniani. Ile alama ya wifi kwenye kona ya laptopu, yenye mistari iliyopinda, inapima njia ya kwanza peke yake. Inaweza kujaa kabisa na bado kusiwe na intaneti hata chembe, kama vile barabara ya mtaani inavyoweza kuwa safi wakati daraja la kutokea mjini limeanguka. Windows nyingi za hapa zinaongea Kifaransa, na zenyewe husema hivyo waziwazi: "Pas d'Internet, sécurisé". Maana yake, laptopu imeingia kwenye modemu salama, lakini mbele ya modemu hakuna kitu. Wengi husoma neno la kwanza na kukasirika, bila kusikia kwamba mashine imewaambia mahali pa kutafuta.

Kuna jaribio moja ambalo halihitaji fundi wala pesa. Chukua simu, zima data ya simu yenyewe, iache ishike wifi ya modemu tu, halafu fungua ukurasa ambao hujawahi kuufungua. Simu nayo ikikataa, laptopu haina kosa, na njia iliyokatika ni ile ndefu. Simu ikifungua, tatizo liko kati ya laptopu na modemu, au ndani ya laptopu yenyewe. Sharti la kuzima data ya simu si la mchezo. Nyumba nyingi zinadanganyika hapo: simu inatumia uniti zake yenyewe kimyakimya, mwenye simu anaona WhatsApp inaingia, anaapa kwamba wifi ni nzima, na lawama yote inaiangukia laptopu ya mgeni.

Njia ndefu ina magonjwa yake, na karibu yote yanajulikana. La kwanza ni mega kuisha. Likija hilo, modemu inabaki na taa zake zote, inaonekana hai, lakini haipitishi kitu. La pili ni moto wa umeme. Moto ukikatika muda mrefu, hata mnara unaweza kuishiwa nguvu, na hapo hakuna wa kulaumiwa ndani ya nyumba. La tatu ni la pekee kwa miji iliyo mpakani. Bukavu inatazamana na Rusizi ya Rwanda, kama Goma inavyotazamana na Gisenyi. Katika nyumba zilizo karibu na mpaka, simu au modemu inaweza kushika mnara wa ng'ambo kwa sababu una nguvu zaidi pale ilipo. Inaonyesha mistari mingi, lakini mega zilizonunuliwa kwenye kampuni ya hapa hazifanyi kazi huko. Dawa ni kuingia katika mipangilio na kuchagua kampuni kwa mkono badala ya kuiachia modemu ijichagulie, au kuisogeza modemu hadi dirisha la upande wa mjini. Watu wamebadilisha modemu mbili au tatu wakati ugonjwa ulikuwa ni dirisha tu.

Njia fupi ndiyo yenye ujanja mwingi, na hapo ndipo wageni wengi wanaposhukiwa bure.

Hizi modemu ndogo za kubeba mfukoni, zinazowekwa kadi ya simu ndani, hazikutengenezwa kwa nyumba ya watu kumi na mbili. Nyingi zimewekewa kikomo cha vifaa 10 kwa wakati mmoja, nyingine 16 au 32. Katika nyumba za Bukavu zilizopokea wakimbizi, hesabu inafika haraka: simu za baba, mama na watoto wakubwa, simu ya shangazi, simu za wageni, na ile simu ya jirani ambaye alipewa neno la siri mwaka jana na hakuna anayekumbuka. Jioni wote wanaporudi, kifaa cha kumi na moja kinakataliwa. Mara nyingi hicho ni laptopu, kwa kuwa simu zilikwisha kuingia zenyewe na laptopu inafunguliwa mwisho. Mwenye laptopu anaona kwamba asubuhi inaingia na jioni inakataa, anadhani anafungiwa kwa makusudi. Ukizima wifi kwenye simu mbili, laptopu inaingia. Jaribio la dakika moja.

Kisha kuna nyumba yenyewe. Mabati na nyavu za chuma huzuia mawimbi ya wifi, na ukuta mnene wa mawe huyachosha. Modemu iliyowekwa juu ya kabati sebuleni inaweza isifike kwenye chumba cha nyuma kilichoongezwa kwa mbao na mabati, na chumba hicho ndicho wanacholala wageni. Baadhi ya modemu hutoa mawimbi ya aina mbili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Haya ya pili ni ya haraka, lakini hayaendi mbali na hayapendi kuta. Tena laptopu za zamani, zile tunazouziwa za mkono wa pili, nyingi hazioni gigahezi 5 kabisa. Modemu ikiwekwa kwenye 5 peke yake, simu mpya zote zinaona jina la wifi na laptopu haioni kitu. Hapo mtu husema wifi ya laptopu imeungua. Haijaungua. Modemu irudishwe kwenye 2.4.

Kuhusu neno la siri, jambo ni fupi. Likibadilishwa, laptopu haijui. Inaendelea kupiga hodi kwa neno la zamani na kukataliwa, wakati mwingine bila hata kuomba neno jipya. Inabidi kuingia katika mipangilio ya wifi, kwenye "Gérer les réseaux connus", kubonyeza jina la wifi hiyo na kuchagua "Oublier". Laptopu inasahau, halafu inaulizwa upya kama mgeni. Na kabla ya yote hayo, mtu aangalie kama "Mode Avion" haijawashwa. Laptopu nyingi zina kibonyezo chenye picha ya ndege au ya mnara mdogo, na kidole cha mtoto kinatosha. Inachekesha, lakini watu wameshalipa fundi kwa ajili ya kibonyezo hicho.

Ikiwa hayo yote ni mazima na bado kunakataa, kuna swali moja la kuiuliza laptopu yenyewe. Mtu anaandika cmd mahali pa kutafutia, linafunguka dirisha jeusi, anaandika ipconfig na kubonyeza Entrée. Kati ya mistari itakayotoka, unaohitajika ni ule wa "Adresse IPv4". Modemu hugawa namba kwa kila kifaa kinachoingia, kama mkubwa wa mtaa anavyogawa namba za nyumba. Namba ya kawaida ya nyumbani huanza na 192.168. Ikianza na 169.254, maana yake laptopu haikupewa namba na modemu, ikajitungia yake mwenyewe, na kwa namba hiyo haitafika popote. Dawa ya kwanza ni kuzima modemu, kuhesabu hadi thelathini, kuiwasha, kuisubiri itulie, ndipo kuiwasha laptopu upya. Kama haikusaidia, Windows 10 na 11 zina sehemu iitwayo "Réinitialisation du réseau". Hiyo inarudisha mambo ya mtandao peke yake kama yalivyokuwa mwanzoni. Inafuta maneno ya siri ya wifi yaliyohifadhiwa, kwa hiyo yaandikwe kwanza, lakini picha, karatasi na faili hazigusi. Fundi mwenye kufomati kwa ajili ya wifi kabla ya kujaribu hiyo hajamhudumia mteja wake.

Katika nyumba ile ya Kadutu, hayo yote yalikuwa mazima. Laptopu ilikuwa imeingia, ilikuwa na namba yake ya 192.168, modemu ilikuwa na mega mpya, na simu ya mwalimu, data yake ikiwa imezimwa, ilifungua kila kitu. Laptopu ilikuwa ikitoa onyo kwamba ukurasa si salama, kila ukurasa, hata wa baruapepe. Fundi aliona onyo hilo ndiyo maana akasema virusi.

Aliyegundua ni mtoto wa kike wa mwalimu, mwenye miaka kumi na mmoja, aliyekuwa amekaa pembeni akitazama.

"Yaya," alimwambia binti wa uuguzi, "hapa chini wameandika mwaka 2012. Mimi nilikuwa sijazaliwa."

Laptopu ina saa yake ndani, na saa hiyo inalishwa na betri ndogo ya mviringo kama sarafu, mara nyingi ya namba CR2032. Betri hiyo ikizeeka, saa inaishi kwa kutegemea betri kubwa. Siku betri kubwa nayo ikiisha kabisa, kama ilivyotokea moto ulipokatika siku mbili, saa inarudi nyuma miaka mingi. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini linafunga karibu intaneti yote. Kila ukurasa wa siku hizi unaofunguka kwa usalama, wa baruapepe, wa benki, wa shule, hutoa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Laptopu inasoma cheti hicho kama askari wa bariyeri anavyosoma karatasi ya safari. Askari akiwa na kalenda ya 2012, kila karatasi anayoletewa imeandikwa tarehe ambayo bado haijafika. Anakataa zote, na kwa upande wake ana haki. Na kosa la miaka mingi namna hiyo, mara nyingi Windows hailirekebishi yenyewe kwa njia ya intaneti. Mtu anapaswa kuweka tarehe, mwezi, mwaka na saa kwa mkono.

Wakati huohuo aangalie na majira. Kinshasa iko nyuma ya Bukavu kwa saa moja, na laptopu iliyotayarishwa kwa majira ya Kinshasa itamfanya mtu atume faili akidhani bado ana saa nzima. Kivu iko kwenye majira ya Lubumbashi.

Binti aliweka tarehe. Baruapepe ikafunguka.

Linabaki swali la mega, ambalo ndilo lililoanzisha yote, na ambalo haliponi kwa kubonyeza. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Mshahara wa mwalimu unajulikana, na mega za mwezi zilizoisha kwa siku tatu ni pesa ya unga. Alidhani wageni wanatazama filamu usiku. Wageni hawakutazama filamu hata moja. Laptopu iliyokaa wiki nyingi njiani bila intaneti, ikishika wifi kwa mara ya kwanza, inapakua marekebisho yote ya Windows yaliyokusanyika, bila kumuuliza mwenyewe, na yanaweza kupita giga moja kwa urahisi. Simu nazo zinafanya vivyo hivyo kwa programu zake zikiona wifi, kwa kuwa zinadhani wifi ni ya bure. Kwenye laptopu kuna dawa: katika mipangilio ya wifi ya nyumbani, mtu anawasha "connexion limitée". Windows inaelewa kwamba mega hizi zinanunuliwa, inapunguza upakuaji huo mkubwa. Kila mgeni anayeleta laptopu katika nyumba aliyopokewa angefanya hivyo kabla hajafungua kitu kingine, na kila mwenyeji angemwonyesha. Si jambo la kuona haya. Nani anapokea mgeni bila kumwonyesha mahali maji yanapochotwa na siku yanapokuja?

Wapo wanaosema kwamba familia iliyokimbia vita inahitaji unga, dawa na turubai, si wifi. Maneno hayo husemwa na watu ambao karatasi zao ziko salama. Aliyekimbia anamtafuta mtu wake aliyepotelea njiani kwa njia ya simu. Pesa kidogo inayotumwa na ndugu aliye mbali anaipata kwa njia ya simu. Akiwa na diploma, kazi inaombwa kwa baruapepe, na anayetangaza kazi hamwulizi kama moto ulikuwepo. Unga ni wa lazima, bila ubishi. Lakini muuguzi aliyepata kazi ananunua unga wake mwenyewe.

Mafundi nao wana la kusikia. Kijana anayetengeneza kompyuta kando ya soko anaishi kwa kazi hiyo, na hakuna anayetaka afunge meza yake. Basi atoze kwa kutafuta ugonjwa, kama muuguzi anavyotoza kwa vipimo. Faranga chache kwa kuangalia tarehe, namba, neno la siri na wifi, zilipwe hata kama ugonjwa ni wa dakika mbili. Akilipwa kwa kufuta tu, atafuta tu. Na kabla ya kufomati mashine yoyote, aulize swali moja: vitu vilivyo humu, vipo na mahali pengine? Mteja akisema havipo, nakala ifanywe kwenye flashi mbele ya macho yake, na flashi iondoke na mwenyewe. Nakala ya diploma na ya karatasi ya shamba haipaswi kubaki kwenye kompyuta ya duka, ambako kila anayekuja kuchapa anapita na flashi yake.

Mwenye laptopu naye asingoje fundi. Flashi ndogo inatosha kwa karatasi zote za familia moja, na picha za zile muhimu zaidi zinaweza kutumwa kwa ndugu mmoja wa kuaminiwa aliye mji mwingine. Lifanyike siku ambayo intaneti inafanya kazi, kwa sababu siku inapokataa mtu anafikiria intaneti peke yake.

Faili ya binti iliondoka Alhamisi jioni, siku moja kabla ya mwisho, na diploma ndani yake. Mama alirudisha nguo kwenye msumari. Mwalimu ameandika majina ya simu kumi kwenye karatasi na kuibandika karibu na modemu, ya jirani haimo, na modemu imehamia dirishani, upande ambao chumba cha nyuma nacho kinaipata. Betri ndogo ya saa bado haijanunuliwa. Kila moto ukikatika muda mrefu mwaka 2012 unarudi, na mtoto wa mwalimu ndiye anayeusahihisha, kabla ya mtu mwingine yeyote kugusa laptopu.